Kadi za hifadhi zimetuletea ugomvi ndani ya gari tunamoishi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja. Tangu mwaka jana, mimi, mume wangu na binti yetu Neema tunaishi ndani ya gari, vani ndefu ambayo mume wangu aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akaiwekea kitanda, jiko la gesi na umeme wa sola. Tuliiacha nyumba ya kupanga hapa Colorado kwa sababu kodi ilikuwa ikimeza karibu mshahara wangu wote, na kwa kuwa kazi zetu sote wawili hufanyika kwa intaneti, tuliona hakuna kinachotulazimisha kukaa mahali pamoja. Neema namsomesha mwenyewe humu garini. Mwezi Agosti anatimiza miaka 10 na Septemba anaingia darasa la nne.

Ratiba yetu ni hii. Mwezi Septemba tunaingia Utah, tukianzia Arches na Canyonlands, kisha Capitol Reef, Bryce Canyon na Zion, halafu tushuke Arizona hadi Grand Canyon na kupitia Monument Valley. Baridi tutaimalizia jangwani Arizona, na majira ya machipuko tunataka kuelekea mashariki, tufike Great Smoky Mountains ambako tuna marafiki upande wa Tennessee. Mwisho wa Septemba baba mkwe wangu atajiunga nasi. Mzee ana miaka 64, ana ukaaji wa kudumu hapa Marekani, na kwa sasa anaishi kwa wifi yangu. Atakaa nasi hadi baridi iishe, kisha atarudi mjini.

Ugomvi ulianzia langoni. Mwezi uliopita tulifika kwenye hifadhi moja, tukaambiwa kiingilio ni dola 35, mume wangu akageuza gari pale pale mbele ya mtoto, akisema hawezi kulipa fedha kuangalia milima ambayo Mungu ameiweka bure. Mimi nilimwambia kwamba kama tungekuwa na kadi za mwaka za kuingilia hifadhi za taifa aibu ile isingetukuta, na tangu siku hiyo hatuelewani. Ninavyoona mimi, tununue kadi ya dola 80 kwa kila mtu mzima, pamoja na kadi za hifadhi za majimbo tutakayopita, tulipe mara moja tupumzike. Yeye anasema kadi ni mtego wa kumfanya mtu atumie zaidi. Baadaye alilegea kidogo, akaniletea mapendekezo mawili: kwanza, tununue kadi ya msafiri mmoja anayeiuza kwa dola 40 ikiwa bado ina miezi kadhaa, pili, tumchukulie Mzee kadi ya wazee, kisha tuendelee kuitumia hata Mzee akisharudi mjini.

Mama, fedha zetu ni za kuhesabu na sitaki kuzitupa, lakini pia sitaki Neema akue akiona wazazi wake wakigombana kwenye kila lango. Tununue nini, tuache nini?

Wako mtiifu,
Mama Neema, Colorado

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa maneno yaliyowapita hapo langoni. Jibu kubwa la barua yako umeliandika wewe mwenyewe ndani yake bila kuliona, kwa hiyo nitaanza na hilo kabla ya kuingia katika hesabu nyingine zote: msinunue kadi yoyote ya dola 80 mwaka huu. Neema anapoingia darasa la nne, anaingia na haki ya kadi ya bure itakayowafungulia malango yote ya hifadhi za taifa mliyoyataja.

Serikali ya Marekani ina mpango uitwao Every Kid Outdoors, ambao ulianza mwaka 2015 kwa jina la Every Kid in a Park na kuwekewa sheria yake mwaka 2019. Mpango huo humpa kila mtoto wa darasa la nne aliye mkazi wa Marekani kadi inayofanya kazi kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Agosti ya mwaka unaofuata, yaani mwaka mzima wa shule pamoja na likizo ya kiangazi inayoufuata. Watoto wanaosomeshwa nyumbani hawakuachwa nje, ilimradi wawe na umri wa miaka 10, na Neema wako atakuwa ameutimiza kabla ya Septemba kuingia. Penye lango linalotoza kiingilio kwa gari, kadi ya mtoto huwaingiza wote waliomo ndani ya gari. Penye lango linalotoza kwa kichwa, humwingiza mtoto pamoja na watu wazima watatu, na nyinyi hata Mzee akijiunga mtakuwa watu wazima watatu kamili. Sharti kubwa ni kwamba mtoto mwenyewe awepo garini, jambo ambalo kwenu si tatizo kwa kuwa anaishi humo. Kadi hiyo huombwa kwenye tovuti ya mpango wenyewe bila kulipa hata senti, kwa hiyo ukikutana na tovuti inayokudai fedha ili ikupatie, ifunge.

Sasa tuone thamani ya kile mtakachopewa. Kiingilio cha gari moja, ambacho kwa kawaida hudumu siku 7, ni dola 30 Arches, dola 30 Canyonlands, dola 20 Capitol Reef, na dola 35 kwa kila moja ya Bryce Canyon, Zion na Grand Canyon. Jumla yake ni dola 185 kwa mtu anayelipa lango kwa lango. Mwenye kadi ya kawaida ya mwaka, ile iitwayo America the Beautiful, angelipa dola 80 na kubakiwa na 105, na nyinyi mtalipa sifuri. Hapo utaona kwamba wewe na mumeo kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Wewe uliona kweli kwamba kwa njia mnayoifuata kulipa lango kwa lango ni hasara, lakini ulikosea ulipotaka kila mtu mzima awe na kadi yake, kwa sababu kadi moja hulibeba gari zima na kadi ya pili au ya tatu ndani ya gari hilohilo haipunguzi chochote. Naye anayesema kadi ni mtego ana hoja kwa msafiri mwenye njia nyingine, kwa maana kati ya maeneo zaidi ya 400 yaliyo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, ni kama robo tu ndiyo yanayotoza kiingilio. Mtu ambaye safari yake ingekuwa ya Great Basin kule Nevada, Redwood kule California na North Cascades kule Washington asingelipa kitu kwenye malango hayo, na kadi ya dola 80 ingemkalia mfukoni bure. Ndiyo maana siku zote nawashauri wasafiri waandike njia kwanza, kisha ndipo waulize habari za kadi. Anayenunua kadi kwanza huanza kuendesha gari kuifuata kadi, na mafuta atakayoyachoma njiani yatazidi kiingilio alichokikwepa.

Kuna jambo moja la mwaka huu wa 2026 ambalo nyinyi mnapaswa kulijua ingawa halitawaumiza. Tangu tarehe 1 Januari, kadi ya mwaka ya dola 80 ni ya wakazi wa Marekani peke yao, nao huthibitisha ukazi wao kwa kitambulisho chenye picha kilichotolewa na mamlaka za Marekani, kama vile leseni ya udereva ya jimbo, pasipoti ya Marekani au kadi ya ukaaji wa kudumu. Mgeni asiye mkazi hulipa dola 250 kwa kadi ya mwaka. Mgeni wa miaka 16 na zaidi asiyekuwa na kadi huongezewa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Bryce Canyon, Zion na Grand Canyon zilizo kwenye njia yenu. Kwa hiyo vitambulisho vyenu viwe karibu na usukani, kikiwemo cha Mzee, wala visiwe chini ya godoro.

Hadi hapa nimezungumzia malango, na malango ndiyo yaliyowagombanisha, lakini kwa familia inayoishi ndani ya gari fedha kubwa haiishii langoni. Mtalii wa wiki moja huumizwa na kiingilio kwa sababu hoteli alikwisha kuilipa kabla hajatoka nyumbani. Nyinyi hamna nyumba ya kurudi, na kila jua linapozama mnapaswa kujua mtalala wapi, kwa sababu ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kulala garini popote pale mnapopenda. Mnalala kwenye kambi iliyotengwa na kulipiwa, au mnatoka nje ya mipaka ya hifadhi. Kadi ya Neema haina punguzo lolote la kambi, na hata ile ya dola 80 haina. Kambi nyingi za hifadhi katika eneo hilo hutoza takriban dola 20 hadi 35 kwa usiku mmoja. Usiku mmoja wa kambi, basi, unakaribiana na kiingilio cha juma zima, na kuukwepa usiku huo pia kuna gharama yake, kama nitakavyoeleza.

Hapo ndipo Mzee anapoingia. Kadi ya wazee hutolewa kwa raia na kwa wenye ukaaji wa kudumu waliotimiza miaka 62, hivyo Mzee wa miaka 64 anastahili bila shaka. Ziko za aina mbili: ya mwaka mmoja kwa dola 20, na ya maisha kwa dola 80. Pamoja na kufungua malango, kadi hiyo humpa mwenyewe punguzo la nusu ya bei katika kambi nyingi za serikali kuu, ziwe za hifadhi za taifa, za Idara ya Misitu au za Bureau of Land Management, ile ofisi inayosimamia ardhi za umma za serikali kuu. Punguzo hilo ni la eneo moja la kambi analolala yeye mwenyewe, na kwa kuwa nyote mnalala ndani ya gari moja, eneo moja linawatosha. Kambi ya dola 30 itakuwa dola 15. Kadi ya dola 20 itakuwa imejilipa katika usiku wa pili, na hata ile ya maisha itakuwa imerudisha fedha yake kufikia usiku wa sita.

Ningekuwa mimi, ningeanza na ile ya dola 20. Mzee hajawahi kuishi ndani ya gari, na huenda mgongo wake ukakataa kitanda chenu baada ya wiki mbili. Akikaa akapenda, hamtakuwa mmepoteza kitu kwa kuanza na ndogo, kwa sababu mtu aliyekwisha kununua kadi nne za mwaka za wazee huweza kuzibadilisha akapewa ya maisha bila kuongeza fedha. Dola 20 mara nne ndizo hizohizo 80. Muwekeeni kadi zake zote mahali salama hata zikiisha muda wake.

Chukua mfano wa siku moja ili umwoneshe mumeo. Tuseme mmepata mahali pa kulala bure nje ya hifadhi, maili 40 kutoka langoni. Kwenda na kurudi ni maili 80, na vani ndefu iliyojaa maji, vyombo na watu wanne ikienda maili 16 kwa galoni, hiyo ni galoni 5 kwa siku. Galoni ikiwa dola 3.50, mmetumia dola 17.50 ili mlale "bure", wakati usiku wa kambi ndani ya hifadhi kwa kadi ya Mzee ungewagharimu dola 15, mkaamka mkiwa tayari mmefika, mkiwa na maji ya bomba na choo cha kumtosha mtu mzima wa miaka 64 anayeamka usiku. Bila Mzee hesabu hiyohiyo inageuka, kwa kuwa kambi ni dola 30 na mafuta ni 17.50, na hapo kulala nje kuna maana. Kwa hiyo mpango wenu usiwe mmoja kwa safari nzima. Wiki za mwanzo wa Septemba, kabla Mzee hajafika, laleni zaidi kwenye ardhi za umma zilizo karibu na njia yenu. Akishafika, laleni zaidi ndani ya hifadhi, na mkae siku kadhaa kila mahali badala ya kukimbizana na ramani. Kambi za Zion na Grand Canyon hujaa mapema sana, na nafasi huwekwa kwenye tovuti ya serikali ya Recreation.gov, kwa hiyo usisubiri Mzee afike ndipo uanze kutafuta. Hakikisha tu kwamba namba ya kadi yake imewekwa wakati wa kulipa na kwamba yeye mwenyewe yupo mnapofika.

Kuhusu ardhi za umma nitasema machache, maana naona mmekwisha kuzizoea. Kanuni ya kawaida katika ardhi za Bureau of Land Management ni siku 14 katika kila kipindi cha siku 28, kisha mnahama. Msiifanye kuwa kanuni ya kila mahali, hasa karibu na mji wa Moab ulio mlangoni mwa Arches, ambako sehemu kubwa ya ardhi imewekewa maeneo maalumu ya kulala na mengine hulipiwa. Someni bango la mahali hapo kabla ya kuzima injini.

Kwa miezi ya baridi jangwani kuna jambo jema zaidi kwa familia iliyo na mzee. Bureau of Land Management ina maeneo ya kukaa muda mrefu, yaliyoanzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya watu wanaokimbia baridi, na mojawapo ni La Posa karibu na mji wa Quartzsite, Arizona. Kibali cha msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, kwa miaka mingi kimekuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Mkikaa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, dola 180 zinagawanyika kuwa chini ya dola moja na nusu kwa usiku, na La Posa pana maji na mahali pa kumwaga maji machafu. Gari lisilo na choo chake hutakiwa kukaa karibu na vyoo vya eneo hilo. Ukinilazimisha nikutajie malipo mamoja tu ya kutayarisha kuanzia leo, nitakutajia hayo, kabla ya kadi yoyote ya jimbo.

Sasa nije kwenye mapendekezo mawili ya mumeo, na hapa nitazungumza kama mama. Kadi ya mtu mwingine inayouzwa kwa dola 40 msiiguse. Kadi hizi hazihamishiki. Kila moja ina mwenyewe, na askari wa langoni ana haki ya kuomba kitambulisho na kukilinganisha na jina au sahihi. Mkikutwa na kadi isiyo yenu, mtalipa kiingilio palepale baada ya kupoteza zile dola 40, na mtoto atakuwa amekaa kiti cha nyuma akiangalia. La kadi ya Mzee ni hivyohivyo, na kwangu ni zito zaidi, kwa sababu linamtumia Mzee kwa jambo ambalo hakuliridhia. Kadi ya wazee ni halali pale tu mwenyewe anapokuwa garini. Siku atakapopanda basi kurudi kwa wifi yako, na kadi ipande naye. Nashukuru kwamba hesabu inawapa nafasi ya kuwa waaminifu bila kupungukiwa, maana kadi ya Neema itaendelea kuwafungulia malango hadi tarehe 31 Agosti mwakani hata Mzee akiwa hayupo.

Upande wa kadi za majimbo, nakuomba uziache zote kwa sasa. Hifadhi za jimbo ni mamlaka nyingine kabisa na hazitambui kadi za serikali kuu, kwa hiyo mkitaka kuiona Dead Horse Point, hifadhi ya jimbo la Utah iliyo jirani na Canyonlands, mtalipa kiingilio cha siku. Lakini kununua kadi ya mwaka ya jimbo mnalolipita kwa wiki chache ni kumlipia mtu mwingine chakula. Mkielekea mashariki mtakuta majimbo ambayo hayatozi kiingilio kabisa kwenye hifadhi zake, kama Arkansas na Missouri, na yote mawili yanaweza kuwa njiani kwenda Tennessee. Monument Valley nayo si hifadhi ya taifa wala ya jimbo. Ni ardhi ya Wanavajo, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, na wao ndio wanaoweka ada na masharti yake, kama ilivyo kwa Antelope Canyon. Kadi ya Neema haitakubaliwa hapo, na msibishane na mtu yeyote langoni kwa ajili hiyo. Mko kwenye uwanja wa wenyewe, lipeni kwa heshima au piteni.

Great Smoky Mountains itawashangaza kwa namna nyingine. Hifadhi hiyo haina kiingilio, lakini tangu tarehe 1 Machi 2023 gari linaloegeshwa kwa zaidi ya dakika 15 hutakiwa kuwa na stika ya maegesho ya dola 5 kwa siku, dola 15 kwa wiki au dola 40 kwa mwaka, na hakuna kadi ya hifadhi inayoifuta ada hiyo. Kama marafiki zenu wanaishi karibu na mtawatembelea kwa wiki moja, chukueni ya dola 15. Ada nyingine ndogondogo ambazo kadi haizigusi ni kama zile dola 2 za kuweka nafasi ya muda wa kuingia katika hifadhi zenye msongamano zinazoitaka, na vibali vya njia maalumu za kupanda, mfano Angels Landing kule Zion, ambako ombi la bahati nasibu ni dola 6 na anayebahatika huongeza dola 3 kwa kila mtu.

Mwambie mumeo pia jambo hili, kwa sauti ya upole na wakati wa utulivu, si mkiwa kwenye foleni. Fedha za viingilio haziendi kupotelea kwenye hazina kuu. Kwa sheria ya mwaka 2004, angalau asilimia 80 ya ada inayokusanywa katika hifadhi ya taifa inayotoza kiingilio hubaki hukohuko, ikitengeneza njia, vyoo na kambi ambazo Mzee na Neema watazitumia. Milima ni ya bure kama anavyosema. Choo safi kilicho chini ya mlima kinahitaji mtu wa kukisafisha kila siku. Nadhani mtu aliyeweza kujenga nyumba ndani ya gari kwa mikono yake ataielewa hoja hiyo haraka kuliko ile ya aibu ya langoni, kwa hiyo aibu usiitaje tena. Keti naye na karatasi moja yenye safu tatu, malango, malazi na mafuta, mjaze pamoja kwa kila kituo cha safari yenu. Mwachie yeye safu ya mafuta kwa kuwa ndiye anayelijua gari. Ukimwonesha sifuri nyingi kwenye safu ya malango, atahamia mwenyewe kwenye safu ya malazi, ambako ndiko mnakohitaji akili zenu zote mbili.

Kwa Agosti hii iliyobaki, kabla kadi ya Neema haijaanza kazi, kaeni kwenye misitu ya taifa ya Colorado ambako sehemu kubwa haina kiingilio, na kama mnatamani sana hifadhi moja kabla ya Septemba, tarehe 25 Agosti ni mojawapo ya siku ambazo wakazi wa Marekani wataingia bila kulipa mwaka huu. Fikeni alfajiri, kwa sababu watu watakuwa wengi.

Mwakani mwezi Septemba Neema atakuwa darasa la tano na kadi yake itakuwa imekwisha. Mzee akiwa bado anasafiri nanyi, kadi yake itatosha. Asipokuwepo, mtakuwa na chaguo la dola 80, au la kujitolea: anayefikisha saa 250 za kazi ya kujitolea katika mashirika ya serikali kuu yanayoshiriki mpango huu hupewa kadi ya mwaka bila malipo, na baadhi ya kambi humpa mwangalizi anayejitolea nafasi ya kuegesha na kulala kwa muda wote wa kazi yake. Kwa wazazi ambao kazi yao huwafuata kwa intaneti, miezi michache ya uangalizi wa kambi inaweza kuondoa gharama za malazi na za malango kwa pamoja. Nafasi hizo hutangazwa kwenye tovuti ya Volunteer.gov, na za kiangazi huanza kujazwa wakati wa baridi, kwa hiyo mkiwa Quartzsite mwezi Desemba anzeni kuandika maombi.